KING'ORA NA MUDA WA MJANE

Kuna jambo ambalo wengi wetu tukaao masjala twalijua, walakini hatulisemi. Gari la wagonjwa au la zimamoto likiua mtu njiani, watu wa marehemu hawaji ofisini kwetu siku ile, wala mwezi ule. Kwanza huzika. Kisha hukaa matanga, hutafuta karo ya watoto, hupatana na waliokuwa wakimdai marehemu. Wakipata nafasi ya kuuliza ni nani atakayelipa, pengine miezi kumi imekwisha kupita. Hapo ndipo waletapo barua yao, nasi huipiga muhuri, huiandika daftarini, na kuipeleka kwa afisa wa sheria. Ni wachache kati yetu wamwambiao mleta barua kwamba muda wake umekaribia kwisha.

Sheria ya Kenya katika jambo hili ni kama ifuatavyo. Mtu akiuawa kwa uzembe wa dereva wa lori la mfanyabiashara, warithi wake wana miaka 3 ya kufungua shauri la fidia. Akiuawa na gari la Serikali au la mamlaka ya mitaa, sheria iliyo sura ya 39 yawapa miezi 12 tu. Ni kweli kwamba maneno hayo yaliandikwa zamani za mabaraza ya miji, na ya kuwa tangu mwaka 2013 magari ya wagonjwa na ya zimamoto yamekuwa kazi ya serikali za kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Lakini mjane mwenye busara asingoje kubishana mahakamani kama kaunti imo au haimo ndani ya maneno yale. Na ahesabu miezi 12.

Yafaa kukumbuka sheria hii ilitoka wapi. Uingereza, kabla ya mwaka 1846, mtu aliyevunjwa mguu aliweza kudai, lakini aliyeuawa watu wake hawakupata kitu, kwa kuwa mahakama zilishika kwamba mauti ya mtu si hasara ya kudaiwa. Basi kwa mwenye gari, kuua kulikuwa na gharama ndogo kuliko kujeruhi! Bunge likaondoa aibu hiyo mwaka 1846. Mfalme naye hakuweza kushtakiwa kwa madhara ya namna hii mpaka ilipotungwa sheria ya 1947, na Kenya ikafuata mwaka 1956. Mabaraza ya miji yalikuwa yakishtakiwa tangu zamani, ila yalikuwa na ngao yao: sheria ya 1893 iliwapa wadai miezi 6 tu. Mwaka 1939 muda huo ukafanywa mwaka mmoja, na mwaka 1954 Waingereza wakaufuta kabisa upendeleo huo, wakaona hapana sababu mwenye ofisi ya umma apewe muda mwema kuliko raia. Sisi tuliochukua sheria kwao tumeibakiza ngao waliyoitupa wenyewe.

Wako wenzetu watakaosema: mkifungua mlango wa mashauri, dereva wa zimamoto ataogopa kukimbia, na nyumba itateketea. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini mahakama zimekwisha kuipima. Mwaka 1938, katika shauri la Ward dhidi ya Baraza la Jimbo la London, gari la zimamoto lilipita taa nyekundu likasababisha ajali, na dereva akaonekana ana kosa la uzembe ingawa alikuwa akienda kuzima moto. Mwaka 1954, katika shauri la Watt, zimamoto aliyeumia akienda kumwokoa mwanamke aliyebanwa chini ya gari alishindwa kudai, kwa sababu hatari ile ilistahili kwa kuokoa roho. Hata hivyo Jaji Denning, katika hukumu hiyo hiyo, alisema kwamba magari ya zimamoto na ya wagonjwa hayapaswi kuruka taa nyekundu, maana hapo hatari ni kubwa kupita kiasi. Tena mwaka 1959 ikaamuliwa kwamba askari polisi apandaye pikipiki kwa kazi yake anawiwa na mwenda kwa miguu uangalifu ule ule anaowiwa raia. Ruhusa ya kupita kiwango cha mwendo yamwepusha dereva na faini. Haimwondolei wajibu wa kutazama mbele.

Wala si lazima dereva maskini aangamizwe. Huko California, Marekani, sheria yamkinga dereva wa gari la dharura asidaiwe yeye mwenyewe akiwa kazini, bali mamlaka iliyomtuma ndiyo hudaiwa. New York wameshika njia nyingine, kwamba mdai hana budi aonyeshe kuwa dereva alipuuza usalama wa watu kwa makusudi, si kukosa kidogo tu. Sisi twaipenda ya kwanza, kwa kuwa mamlaka ndiyo iliyonunua gari, ikaliacha bila breki njema, ikamkesha dereva zamu mbili.

Na hata mjane akishinda, safari haijaisha. Sheria ya mashauri ya Serikali hairuhusu mali ya Serikali kukamatwa kwa deni la hukumu, na kinga hiyo imepanuliwa mpaka kwa kaunti. Huyu mama apewa hati ya mahakama, aipeleke kwa afisa mhasibu, na asipolipwa arudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha. Hati hizo hupita mikononi mwetu. Twajua zilalapo.

Basi twawaomba wanachama mambo mawili. La kwanza ni hati za safari za magari. Ziandikwe saa ile ile, na jina la aliyeamuru safari, saa ya kutoka, na kazi yenyewe; kwani sote twajua kwamba king'ora kimewahi kumwahisha mkubwa kwenye mkutano, na safari ya namna hiyo haina ruhusa yoyote mbele ya jaji. Ajali ikitokea, hati hiyo isitoke jaladani kwa agizo la mdomo la mtu yeyote.

La pili, mtu wa marehemu afikapo dirishani, aambiwe muda wake. Wengine huogopa kwamba huko ni kumsaidia adui wa ofisi. Mahakama Kuu mwaka 2012 ilikataa sharti la kumtangulizia Serikali notisi ya siku 30, ikaona lamzuia mwananchi kuifikia haki; ikiwa majaji wameona hivyo juu ya siku 30, karani hana la kuogopa akitaja miezi 12. Si kumpa mtu ushauri wa uwakili. Ni kumsomea tarehe, kama tumsomeavyo mlipa kodi siku ya mwisho ya kulipa. Halmashauri ya chama chetu na iombe kwa barua kwamba tangazo la muda huo libandikwe kwenye kila dirisha la kupokelea barua, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.