Kabla maji hayajafika shambani kwa babu



Pale Mto Thwake unapoingia Mto Athi, upande mmoja ni Makueni, ng'ambo ni Kitui. Chini kidogo ya hapo, tangu 2018, linajengwa Bwawa la Thwake. Ukuta ni takriban mita 80 kwenda juu, maji yatakayokaa ni zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Familia zilizolima kando ya mto zimehamishwa. Maji yakijaa, huwezi tena kumwonyesha mtoto wako, "nyumba ya babu ilikuwa pale."

Hatupingi maji. Nani Ukambani asiyejua shida ya maji? Tunasema haki itangulie.

Wazee hawakuikuta ardhi tayari. Miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipoanzisha makazi Makueni kupunguza msongamano wa Machakos, hapo palikuwa pori la mbung'o na wanyama. Walifyeka kwa panga na jasho. Leo mjukuu ana simu ya bei lakini hajui hati ya shamba iko wapi!

Katiba, kifungu cha 40, inasema serikali ikichukua ardhi yako ilipe fidia ya haki, kamili na kwa haraka. Hata anayekaa kwa nia njema bila hati anaweza kufikiriwa. Lakini Tume ya Taifa ya Ardhi itauliza: mwenye shamba ni nani? Kama hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani na mirathi haikufanywa, pesa zinakwama. Hapo ndipo ndugu wanaanza kutoleana macho, na anayejua njia za ofisini anakula peke yake.

Na sisi wenyewe je? Tunalia serikali imetudhulumu, halafu nyumbani tunamwambia shangazi, "wewe uliolewa, huna lako hapa." Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12, imeshagawa. Baada ya madeni na wasia, mjane wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni. Binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Hiyo ni haki yake, si zawadi ya kaka. Mtume (s.a.w.) alituonya juu ya kudhulumu hata shibiri moja ya ardhi.

Kwa hivyo wiki hii, kijana, fanya haya. Kaa na wazee, andika majina ya warithi wote, wanawake wakiwemo. Tafuta hati na cheti cha kifo. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, ujue jina lililoandikwa. Kama marehemu alikuwa Mwislamu na warithi wote ni Waislamu na wamekubali, fungueni mirathi kwa Kadhi. Huku kwetu familia nyingi zimechanganyika. Kama yupo asiye Mwislamu au asiyekubali, mahakama za kawaida zipo. Usiwaache ndugu zako Wakristo nje. Haki haichagui dini.

Usingoje tangazo la serikali likukute hujui hata namba ya shamba. Mto ukishafunika mpaka, hakuna mzee atakayeweza kukuonyesha jiwe lilipokuwa.

Mwulize babu leo, angali hai. Wabillahi tawfiq.