FOLENI YA MLANGONI SI RUHUSA YA KUTUKAMUA



Wiki iliyopita, saa ya chai, palitokea ubishi mkubwa katika karakana yetu ya mabehewa. Mwenzetu mmoja, mpenzi wa Manchester United tangu utoto wake, alikuwa akieleza jambo ambalo klabu hiyo ilifanya mnamo Novemba 2024. Msimu ukiwa katikati, wakubwa wa klabu walitangaza kwamba tikiti za wanachama kwa michezo ya ligi iliyobaki ya nyumbani zitakuwa pauni 66 kila moja. Kabla ya hapo mtu mzima aliweza kupata tikiti kwa pauni 40, na mtoto kwa pauni 25. Sasa mtoto na babu yake mwenye kula pensheni waliambiwa walipe sawa na mwenye mshahara mnono.

Mwenzetu wa pili akajibu, "Kosa liko wapi? Watu wanapiga foleni. Kitu kikitakiwa na wengi, bei yake hupanda. Asiyeweza na akae nyumbani."

Wengine walicheka, wakasema kwamba mambo ya Uingereza hayatuhusu sisi tunaotazama mpira kwa runinga. Lakini wengi wetu hatukucheka, kwa sababu maneno yale tulikuwa tumekwisha kuyasikia mahali pengine.

Tuliyasikia siku tulipokuwa vibarua, tukimwomba tajiri atuongezee kidogo. Alituonyesha dirisha akasema, "Tazameni lango. Watu mia wanangoja kazi hii. Asiyetaka na aende zake." Foleni ya mlangoni ndiyo iliyokuwa sababu ya kutulipa kidogo. Leo foleni hiyo hiyo, ikiwa mlangoni pa kiwanja, imekuwa sababu ya kututoza kingi. Mfanya kazi akienda kuuza nguvu zake aambiwa watu ni wengi, bei imeshuka; akienda kununua raha yake ya Jumamosi aambiwa watu ni wengi, bei imepanda. Huku aumizwa na huku aumizwa. Basi sisi twasema wazi: wingi wa watu waeleza kwamba kitu chatakiwa, lakini haumpi mtu yeyote haki ya kuwakamua wanaokitaka.

Tuulize kwanza, foleni ile ya Manchester ilitengenezwa na nani? Ndugu, jambo hili latuhusu sisi watu wa reli kuliko watu wengine wote. Klabu ile ilianzishwa mwaka 1878 na mafundi wa mabehewa wa reli ya Lancashire and Yorkshire, katika karakana ya Newton Heath. Walikuwa watu kama sisi, wenye grisi mikononi, na wakipata nafasi walicheza na wenzao wa idara nyingine na wa makampuni mengine ya reli. Timu ikaitwa Newton Heath, na jina la Manchester United likaja mwaka 1902, baada ya deni kubwa karibu kuiua. Kiwanja cha Old Trafford kilipofunguliwa mwaka 1910, mahali pa kusimama palikuwa kwa peni 6, ambayo ni nusu shilingi, sawa na sumni yetu ya zamani. Na kiti kizuri kabisa kilikuwa shilingi 5. Mwenye nguo nzuri alikaa mahali pake na mwenye ovaroli akasimama pake, na wote wakauona mpira mmoja.

Baba alimleta mwanawe, na mwana akamleta mwanawe. Walikuja timu iliposhinda na walikuja iliposhindwa. Kati ya 1993 na 2013 klabu ile ilichukua ubingwa wa ligi mara 13, ikatawala Uingereza nzima. Sifa zikazidi, na watu wakataka kuingia kutoka pande zote za dunia. Lakini aliyepanda mbegu ya foleni hiyo ni yule wa peni 6. Kumwambia mjukuu wake leo kwamba foleni imekuwa ndefu mno, hivyo yeye hana nafasi, ni kama kumfukuza mtu katika kisima alichochimba babu yake kwa sababu maji yake yametokea kuwa matamu.

Wakubwa hujibu kwamba klabu yahitaji fedha. Vema, tuzitazame fedha. Katika mwaka wa hesabu wa 2023/24, Manchester United iliingiza pauni milioni 661.8. Katika hizo, matangazo ya biashara na mauzo yalileta milioni 302.9, runinga ikaleta milioni 221.8; na siku za michezo zikaleta milioni 137.1, pamoja na vile vyumba vya fahari wanamoketi matajiri wakila na kunywa. Maana yake ni kwamba katika kila pauni tano, moja tu ilitoka mlangoni, na katika hiyo moja, mtoto na mzee wa pensheni wana sehemu ndogo sana. Mwaka huo klabu ilipata hasara ya pauni milioni 113.2. Je, hasara hiyo yaweza kuzibwa kwa kumwongezea mtoto pauni 41?

Tena mzigo ule haukuletwa na watazamaji. Klabu iliponunuliwa mwaka 2005 na ukoo wa Glazer wa Marekani, sehemu kubwa ya bei ilikuwa fedha za kukopa, na deni likatwikwa klabu yenyewe. Na wakati wa kufunga mkanda ulipofika, nani alifungwa? Mwaka 2024 wafanya kazi wapatao 250 walipoteza kazi zao, na Februari 2025 ikatangazwa kwamba wengine kati ya 150 na 200 huenda wakaondolewa. Angalieni, ndugu, jinsi mambo haya yanavyokwenda pamoja. Mkono ule ule uliompandishia shabiki tikiti ulimwandikia karani na mpishi barua ya kuachishwa kazi. Kwa hiyo msidhani ya mpira ni mbali na ya chama.

Sasa tuwe watu wa haki. Mwenzetu yule wa pili ana swali moja lenye maana. Old Trafford huchukua watu kama 74,000. Wanaotaka kuingia wakiwa wengi kuliko viti, lazima wengine wakose. Kama bei haiamui, nani ataamua?

Jibu twalo hapa hapa kazini. Kila mwaka sote twataka likizo ya Desemba twende nyumbani kuwaona wazee. Hatuwezi kwenda wote, maana gari la moshi halijiendeshi. Je, twaiuza likizo kwa mnada, fomeni aende kila mwaka na mpaka mafuta asiende kamwe? Hapana. Twaweka zamu. Aliyekwenda mwaka jana humpisha mwenzake, na mwenye msiba hufikiriwa kwanza. Hakuna anayefurahi kila mwaka, lakini hakuna anayedharauliwa. Desemba hiyo hiyo, angalieni barabarani: mabasi na matatu hupandisha nauli kwa sababu tu abiria wamejaa, na mama mwenye watoto hubaki stendi na mizigo yake. Sote twajua hasira ya mama yule. Zamu, kura, na kumfikiria aliyekuja siku zote: hizi ni njia za kugawa kitu kichache bila ya kuwachuja watu kwa mifuko yao.

Wengine husema bei ikiwa ndogo, walanguzi watanunua tikiti zote na kuziuza tena kwa bei ya juu. Ni kweli walanguzi wako. Lakini dawa ya mlanguzi ni sheria, wala si klabu yenyewe kugeuka mlanguzi. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1994 yafanya kuwa kosa la jinai mtu kuuza tikiti ya mpira bila idhini.

Na msifikiri kwamba twaota ndoto. Nchini Ujerumani iko klabu ya Bayern München, iliyochukua ubingwa wa nchi yake mara 11 mfululizo, tangu 2013 hadi 2023. Kiwanja chake huchukua watu 75,000 na wanaotaka kuingia ni wengi kupita nafasi. Kama foleni ingekuwa ruhusa ya kukamua, hakuna klabu yenye ruhusa kubwa kuliko hiyo. Lakini katika msimu wa 2018/19 tikiti ya msimu ya kusimama ilikuwa euro 140 kwa michezo 17 ya ligi, ambayo ni kama euro 8 kila mchezo. Bwana Uli Hoeneß alipokuwa rais wa klabu aliulizwa kwa nini hawaongezi. Alieleza kwamba wakipandisha tikiti hizo mara tatu, wataongeza milioni mbili hivi, na milioni mbili si kitu kwa klabu inayonunua wachezaji kwa makumi ya milioni, lakini kwa mwenye kununua tikiti tofauti ile ni kubwa sana. Akasema shabiki si ng'ombe wa kukamuliwa. Matajiri wana vyumba vyao na hulipa sana, na malipo yao husaidia kuiweka chini bei ya wanaosimama.

Je, Wajerumani wana huruma kuliko Waingereza? Hatusemi hivyo. Sababu ni kwamba kanuni ya mpira wa Ujerumani huwataka wanachama wa klabu wawe na zaidi ya nusu ya kura, isipokuwa klabu chache zilizoruhusiwa. Katika Bayern wanachama, ambao ni mamia ya maelfu, wana hisa 75 katika kila 100. Aliye kwenye foleni ndiye huyo huyo mwenye kura, na mtu mwenye kura haambiwi akae nyumbani.

Na wasio na kura wafanye nini? Wafanye walivyofanya ndugu zetu wa Liverpool, mji wa makuli na mabaharia. Mwanzoni mwa 2016 wenye klabu walitangaza kwamba tikiti ghali katika jukwaa jipya itakuwa pauni 77. Tarehe 6 Februari mwaka huo Liverpool walikuwa wakicheza na Sunderland, wakiongoza kwa mabao 2 kwa 0. Dakika ya 77 ilipofika, watu wapatao 10,000 waliinuka wakatoka nje. Hawakutupa jiwe wala kumtukana mtu. Viti vikabaki vitupu mbele ya runinga za dunia nzima, na Sunderland wakarudisha mabao yote mawili. Baada ya siku nne tu wenye klabu waliomba radhi, wakaifuta ile 77, na bei ya juu ikabaki 59 kama zamani. Mwezi uliofuata klabu zote za ligi kuu zikakubaliana kwamba mgeni anayefuata timu yake ugenini asitozwe zaidi ya pauni 30.

Ndugu, mwaujua utaratibu huo. Ni mgomo. Mtu mmoja akitoka nje, amekosa mpira tu. Watu elfu kumi wakitoka pamoja, foleni yenyewe imesema, na tajiri hana tena wa kuonyesha dirishani.

Sasa turudi kwetu, maana ndiko kulikotufanya tushike kalamu. Katika mashindano ya matawi yetu mwaka jana, fainali ilijaza watu mpaka wengine wakasimama juu ya mabehewa mabovu. Kamati yetu ya michezo, iliyofanya kazi nzuri nasi twaishukuru, imeona ule umati, na sasa yasemekana yataka kiingilio cha fainali kitoke shilingi 50 hadi 200. Mwanachama mwenye mke na watoto watatu aliyeingia kwa shilingi 250 atahitaji 1,000. Atakuja peke yake, au hatakuja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi twapenda kuwaonya wagema wetu mapema, kwa upole.

Twapendekeza hivi. Kwanza, kiingilio kisipandishwe kabla ya mkutano wa wanachama kusomewa hesabu za mwaka jana: jezi kiasi gani, waamuzi kiasi gani, na kilichobaki kiko wapi. Pili, watoto wa shule na wastaafu wetu waingie kwa nusu. Tatu, kama fedha zapungua, viwekwe viti vya kivulini, na wakubwa wa ofisini watakaopenda kukaa humo walipe zaidi. Nne, watu wakizidi nafasi, kila tawi ligawiwe tikiti kwa hesabu ya wanachama wake, zipigiwe kura.

Ikiwa sisi wenyewe, kwa kiwanja chetu kidogo, tutatumia hoja ile ile ya tajiri dirishani, siku ya kujadili mishahara tutamjibu nini akituonyesha lango?

Matawi yatakayoona vingine na yaandike. Tutayasoma yote.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa karakana ya mabehewa.