Kisikizi Kimoja Hakitoshi

Wacheza santuri wengi huamini kuwa visikizi vinavyozama ndani ya sikio huwakinga na kelele za ukumbi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Visikizi huziba sikio. Kinga hupatikana tu iwapo sauti ya ndani nayo itapunguzwa. Aghalabu mchezaji hukichomoa kimoja ili ausikie umati. Sikio lililo wazi likapigwa na kishindo cha spika, naye akaongeza sauti katika lile lililozibwa. Yote mawili huumia, na chembe za kusikia zikifa hazioti tena. Heri vyote viwili vikae, sauti ya ukumbi ipitishiwe humo kwa maikrofoni. Lakini mbona mzigo wote autwikwe mchezaji? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa sauti kumbini usizidi desibeli 100 katika dakika 15. Vitufe vya spika hizo vimo mikononi mwa wenye kumbi.