Binti na Mkuki

Katika makabila mengi ya Afrika Mashariki mkuki ulikuwa mali ya baba. Uliegemezwa ukutani karibu na kitanda chake, naye aliushika alipokwenda kuwinda, kulinda mifugo au kupigana. Binti alipewa mchi, kinu na mtungi. Mwezi Agosti 2021, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, mabinti kutoka pembe mbalimbali za dunia waliushika mkuki huo huo, wakashindania medali.

Hayo yalikuwa Mashindano ya Dunia ya Riadha ya vijana wenye umri wa chini ya miaka 20. Mashindano haya yalianza mwaka 1986 katika mji wa Athens, Ugiriki, na hayakupata kufanyika katika ardhi ya Afrika mpaka yalipofika Nairobi, yakiwa yamecheleweshwa mwaka mmoja na ugonjwa wa korona. Dhahabu ya mkuki kwa wasichana ilichukuliwa na Adriana Vilagoš wa Serbia, mwenye umri wa miaka 17, aliyerusha mita 61.46. Mwaka uliofuata, mjini Cali, nchi ya Kolombia, alilitetea taji lake kwa mita 63.52. Mwezi huo huo wa Agosti 2022 alikwenda Munich, Ujerumani, akapambana na wanawake watu wazima katika mashindano ya Ulaya, akarudi na medali ya fedha kwa mita 62.01.

Mita 61 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Mtu asiyeujua mchezo huu atadhani kwamba binti huyo ana mkono wa chuma. Lakini mkuki wa wanawake una uzito wa gramu 600 tu, yaani nusu kilo ya sukari na kidogo juu yake, na urefu wake ni kati ya mita 2.20 na 2.30. Wasichana wa chini ya miaka 18 hutumia ule wa gramu 500. Chombo chepesi namna hiyo hakiendi mbali kwa nguvu za mkono peke yake. Nguvu huanzia miguuni. Mrushaji hukimbia, huupeleka mkono nyuma, hupiga hatua za kupishanisha miguu, kisha huukaza mguu wa mbele ghafula kama mtu aliyefunga breki. Hapo mwendo wote wa mbio hupanda kiunoni, ukaingia kifuani, begani, kwenye kiwiko, na mwisho kwenye vidole. Askari aliyefundishwa kutupa bomu la mkono anaijua siri hii: anayetupa kwa mkono mtupu bomu lake huanguka karibu.

Sheria zake ni chache, nazo ni kali. Mkuki hushikwa penye kamba yake na kurushwa juu ya bega; haukubaliki kuzungushwa kama kombeo. Mrushaji haruhusiwi kuukanyaga mstari wa mwisho, wala kutoka katika njia ya kukimbilia kabla mkuki haujatua. Kichwa cha chuma ndicho kiguse ardhi kwanza, tena ndani ya mistari iliyochorwa. Likivunjwa lolote kati ya hayo, mwamuzi huinua bendera nyekundu, na jasho lote la mtupo ule limekwenda bure. Katika fainali kila mmoja hurusha mara 3, kisha walio bora huongezewa nafasi nyingine. Kwa hiyo binti anaweza kuwa nyuma ya wenzake mpaka mtupo wa mwisho, kisha akashinda. Mchezo huu hufundisha moyo wa subira kuliko michezo mingi.

Kuna jambo jingine la kutafakari. Katika mashindano yale ya Nairobi, Kenya ilipata medali 8 za dhahabu, na zote zilitokana na mbio na mashindano ya kutembea. Mmoja wa washindi hao, Emmanuel Wanyonyi wa mita 800, alikuja kuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 2024. Sifa hiyo ni haki yao. Lakini je, ni kweli kwamba Mungu amewapa watu wa sehemu hizi miguu tu, akawanyima mikono?

Jibu limekwisha kutolewa. Julius Yego, askari polisi wa Kenya, alijifunza mkuki kwa kutazama picha za video za mabingwa wa ng'ambo katika intaneti, maana hakuwa na mwalimu wa kumwelekeza. Mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Kwa upande wa wanawake, Sunette Viljoen wa Afrika Kusini, ambaye kabla ya hapo aliichezea timu ya taifa ya kriketi, alirusha mita 69.35 mwaka 2012, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akapata medali ya fedha. Ama mkono uliozoea kutupa mpira wa kriketi ukaweza kutupa mkuki, mkono wa binti anayefukuza ndege shambani kwa mawe utashindwa na nini?

Kinachopungua ni mwalimu, chombo, na ruhusa ya nyumbani. Chombo na mwalimu ni kazi ya shule na vyama vya riadha. Ruhusa ni kazi ya baba na mama. Msichana anayetupa jiwe mbali kuliko kaka zake mara nyingi huambiwa kwamba ana tabia za kiume, naye huona haya, akauficha uwezo wake mpaka ukafa. Neno moja la dhihaka linalosemwa mezani wakati wa chakula linaweza kuvunja kipaji ambacho mwalimu angehitaji miaka kukijenga. Na ikumbukwe kwamba majeshi na polisi wa nchi nyingi za Afrika Mashariki huajiri wanariadha; binti wa kambini akikuzwa vema anaweza kupata heshima na mshahara pia.

Ruhusa hiyo iendane na uangalifu. Mtoto aanze kwa kutupa mipira midogo, mawe mepesi na fimbo zilizonyooka, wala asilazimishwe kurusha kila siku, kwa sababu bega na kiwiko cha mtoto huumia upesi. Akifikia mkuki wenyewe, aubebe umesimama wima, asirushe mtu yeyote akiwa mbele yake, na aufuate kwa kutembea, si kwa kukimbia. Mkuki uliochomeka ardhini huacha mkia wake umeinuka, nao umekwisha kujeruhi wengi waliokwenda mbio kuung'oa.

Samaki mkunje angali mbichi. Vilagoš alikuwa na miaka 17 tu aliposimama Kasarani. Katika kambi na vijiji vya Afrika Mashariki wamo mabinti wa umri huo huo wenye mikono mizuri, wanaongoja mzazi mmoja awaambie: haya mwanangu, tupa tuone.