Kisoma-Vitabu: Kipya au cha Zamani?

Shule yenye fedha chache hukabiliwa na swali gumu inapotaka kununua vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki: je, inunue kimoja kipya, au kwa fedha hizo hizo ijipatie viwili vya zamani vilivyokwisha kutumika? Aghalabu uamuzi hufanywa kwa kutazama mwaka wa kutengenezwa. Kipimo hicho hakitoshi.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi. Ndani ya skrini yake mna vifuko vidogo sana vyenye chembe nyeupe na nyeusi, zenye chaji za umeme zilizo kinyume. Umeme ukitiwa, chembe za rangi moja huvutwa juu na za rangi nyingine husukumwa chini, na herufi zikaonekana. Zikishatulia hubaki mahali pake bila kuhitaji umeme zaidi, hadi ukurasa ufunuliwe. Ndiyo sababu betri yaweza kudumu kwa majuma. Kanuni hiyo ilitumika katika Kindle ya kwanza ya kampuni ya Amazon, mwaka 2007, na ingali ikitumika leo.

Kilichobadilika ni ubora wa maandishi na mwanga. Kindle ya 2007 ilikuwa na vitone 167 katika kila inchi. Kindle Paperwhite ya 2015 ilikuwa na 300. Katika inchi moja ya mraba, hivyo ni vitone 27,889 dhidi ya 90,000, yaani zaidi ya mara tatu. Msomaji wa riwaya hatapungukiwa sana, kwani aweza kukuza herufi. Lakini mwanafunzi wa kemia, mwenye kutafuta tarakimu ndogo katika fomula, ataiona tofauti. Vivyo hivyo, taa iliyomo ndani ya kifaa si anasa kwa kijana asomaye usiku katika nyumba isiyo na umeme.

Hata hivyo, jambo zito zaidi halionekani kwa macho. Mnamo Julai 2009, Amazon ilifuta kutoka mbali nakala za riwaya mbili za George Orwell zilizokuwa katika Kindle za wateja, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki ya kuzitoa. Wateja walirudishiwa fedha zao, na kampuni ikaomba radhi. Lakini ilidhihirika kwamba kitabu kilicholipiwa chaweza kutoweka mikononi mwa mnunuzi. Kifaa kuwa kipya hakuondoi hatari hiyo.

Kwa hiyo mwalimu hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kuuliza mwaka. Je, kifaa hufungua faili za EPUB, ambao ni muundo wa wazi usiomilikiwa na duka lolote? Je, hupokea vitabu kwa waya kutoka kwenye kompyuta ya shule, pasipo intaneti? Je, betri yake ingali na nguvu? Betri za lithiamu huchakaa kwa umri, hata zikiwekwa kabatini.

Kifaa cha zamani kinachoyatimiza hayo chafaa shule kuliko kipya kinachotegemea duka moja tu. Kisichoyatimiza kisinunuliwe, hata kikiwa rahisi namna gani. Shule inahitaji vitabu vitakavyokuwapo mwaka ujao. Kifaa ni rafu yake tu.