Picha 12 za mheshimiwa, matokeo ya madogo sifuri

Nenda kijiwe cha boda Kikatiti, pale barabara kuu ya Moshi–Arusha, uliza Arsenal walifungwa dakika ya ngapi. Watajibu watatu kwa mpigo, na mkeka uliochanika utaonyeshwa juu. Sasa uliza madogo wa sekondari walimalizaje msimu. Kimyaaa. Labda mmoja atasema "walijitahidi."

Boda hawana kosa. Wangeyasoma wapi?

Kinachosomeka mtandaoni ni mheshimiwa mmoja, jina kapuni, aliyeibuka uwanjani na mipira miwili na seti moja ya jezi. Picha 12! Anapiga penalti na viatu vya ofisini, anamkumbatia kipa, chawa wanamwaga makopakopa. Mechi iliisha ngapi? Hata yeye hajui, maana aliondoka kabla ya mapumziko. Staa mmoja wa A-Town naye ana mchezo huohuo, ila yeye angalau hubaki mpaka mwisho, anasubiri kushangiliwa.

Eti ni mpira wa shule tu. Thubutu! UMISSETA ilivyo, timu ya shule haifiki taifa. Ngazi zikipanda inavunjwa, wanachujwa wachezaji wa timu ya wilaya, kisha ya mkoa. Fainali za Mtwara 2021 na Tabora 2022, timu zilizoshindana ni za mikoa. Kwa hiyo dogo aliyetupia magoli msimu mzima akiachwa kwenye mchujo, habari yake imeishia hapo. Hana jedwali, hana hata posti moja ya kumwonyesha kocha wa klabu. Ana "mwalimu ananijua" tu. Na mwalimu akihamishwa je?

Wakenya shule inacheza kama shule mpaka fainali ya taifa, ndio maana mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kukanyaga Kakamega anawajua Green Commandos.

Huku Arusha imepewa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, na kila mwenye kipaza sauti anaimba "vipaji vya nyumbani." Vipaji gani, vilifunga ngapi, dhidi ya nani?

Kuandika "3-1" na majina ya wafungaji hakuhitaji kamati wala bajeti, ni bando la siku moja. Msimu ujao mheshimiwa akija na mipira yake miwili, simu ishikwe na kapteni mpaka filimbi ya mwisho. Yaposti matokeo kwanza, uso wake utafuata.