Yadi za magari Tunduma: ‘Bei njoo inboksi’ inafukuza wateja

Mkulima wa kahawa wa Mbozi akishauza mavuno na kutaka gari, siku hizi haanzi kwa kupanda basi kwenda Tunduma. Anaanza kwenye simu. Na hukohuko kwenye simu ndiko yadi nyingi ndogo zinakompoteza.

Wauzaji wakubwa wa Japan kama BE FORWARD na SBT wameshamzoesha: bei ipo, mwaka upo, kilomita zipo, picha hadi za injini. Akifungua tovuti ya yadi ya hapa nyumbani anakuta picha mbili, maneno “bei njoo inboksi”, na gari ambalo pengine liliuzwa mwezi jana.

Lakini picha si tatizo kubwa. Kwa mji wa mpakani swali la kwanza ni hili: gari limelipiwa ushuru Tanzania, au ni la transiti?

Tunduma ndiyo njia ya magari yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Congo. Yanaendeshwa zaidi ya kilomita 900 hadi mpakani, wenyewe tunayaita IT. Hayajalipiwa ushuru wa hapa. Yanapita kwa dhamana ya forodha na yanatakiwa kuvuka kwenda Nakonde. Ukiuziwa la aina hiyo kwa bei ya kutupa, likabaki Vwawa, siku TRA wakilikamata pesa yako imekwenda na dalali keshazima simu. Unafuu ule ulitoka wapi? Ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 havikuwemo, bado nyongeza ya uchakavu kwa magari ya zamani.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi wa tovuti apambe rangi, mwenye yadi aandike mstari mmoja chini ya kila gari: “Limelipiwa ushuru, limesajiliwa, kadi ipo.” La transiti lisichanganywe na haya. Aweke na linki ya kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, na ya mfumo wa Polisi wa kuangalia deni la faini kwa namba ya gari. Muuzaji anayekuonyesha mwenyewe pa kumkagulia, unamwamini haraka.

Bei iwe kwa shilingi. Tunduma tumezoea kutaja kwacha na dola, ila kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei ya bidhaa ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Najua hoja ya wenye yadi: ukiandika bei, jirani anashusha laki mbili na mteja anahama. Hutokea, kweli. Ila anayepiga simu akiwa ameshaona bei anakuja kununua, wale wa “mwisho shingapi?” wanakula siku yako tu.

Mengine ni ya gharama ndogo. Picha zipunguzwe uzito, maana mteja yuko kwenye bando la kuungaunga. Kitufe cha WhatsApp kitume moja kwa moja jina la gari husika, asianze kueleza “lile jeupe”. Na gari likiuzwa, liondolewe siku hiyohiyo. Mtu aliyetoka Itumba kule Ileje kwa nauli yake, akaambiwa “hilo lilishaondoka, ila kuna hili”, harudi tena, na kijiweni atasimulia.